Uzi wa ER (1994–2009): tuichambue kitabibu na kiufundi, episodi kwa episodi

ZamuYaUsiku #1

Wakuu, uzi huu ni wa ER peke yake, tamthilia ya NBC ya Marekani kuhusu chumba cha dharura cha hospitali moja ya Chicago, iliyoanza kurushwa tarehe 19 Septemba 1994 na kufika tamati tarehe 2 Aprili 2009. Misimu 15, episodi 331. Kuna wanaoirudia sasa kutoka mwanzo na kuna wanaoianza leo, na swali ni lile lile: tamthilia ya enzi za peja na simu za mezani inawezaje bado kumkalisha mtu mpaka alfajiri?

Jibu langu ni kwamba ER haimfafanulii mtazamaji. Daktari akiita dawa, dawa inaletwa, na hakuna anayesimama kueleza ni ya nini. Unaijua hali ya mgonjwa kwa kuangalia mikono na nyuso, kama ndugu aliyekaa kwenye benchi nje ya chumba cha dharura mlango ukiwa wazi. Na kwa kuwa maneno yale ni ya kazi kweli, siku ukijua maana yake ukarudia episodi ile ile, unaona mambo ambayo mara ya kwanza yalikupita.

Chanzo ni Michael Crichton, aliyesomea udaktari Harvard. Mswada aliuandika mwaka 1974 ukakaa miaka 20. Alipokaa na Steven Spielberg kuuzungumzia uwe filamu, wakavutwa na dinosaria wa Jurassic Park kwanza. Mswada ulipotolewa tena ukawa episodi ya kwanza, "24 Hours", ulibadilishwa kidogo tu: Dkt. Lewis akawa mwanamke, Dkt. Benton akawa Mmarekani Mweusi, urefu ukapunguzwa. Seti haikuwepo, wakapigia picha ndani ya Linda Vista, hospitali ya Los Angeles iliyokuwa imeshafungwa. Kuta zile zilizochakaa unazoziona ni za kweli.

Sasa zile kelele za chumba cha majeruhi. Anaingia aliyepata ajali ya gari, mtu anapaza sauti "CBC, Chem-7, type and cross, O-neg". CBC ndiyo FBP ya hospitali za Tanzania. Chem-7 ni vipimo saba vya kemia ya damu: sodiamu, potasiamu, kloraidi, baikaboneti, yurea, kreatinini na sukari. "Type and cross" ni kupima kundi la damu na kuioanisha na ya benki, kazi inayochukua muda, kwa hiyo wakati inasubiriwa anaanzishiwa damu ya kundi O hasi ambayo haihitaji kuoanishwa. Benton akidai mishipa miwili mikubwa, anataka kanyula (mirija ya kuingizwa mshipani) nene za geji 14 au 16, moja kila mkono. Kanyula nyembamba haifai hapo kwa sababu kasi ya maji inategemea upana na ufupi wa mrija, siyo ukubwa wa mfuko wa dripu.

Kuna mambo ya misimu ya mwanzo yaliyokwisha pitwa na wakati, na hayo ndiyo matamu kwa anayejua. Utawaona wakimtoboa mgonjwa chini ya kitovu na kumwaga lita moja ya maji ya chumvi tumboni, kisha kuyarudisha wayaangalie. Ikitoka damu mililita 10 moja kwa moja, au maabara ikihesabu chembe nyekundu zaidi ya 100,000 kwa milimita ya ujazo, anakimbizwa thieta, chumba cha upasuaji. Siku hizi utrasaundi inatoa jibu hilo kwa dakika chache bila kutoboa. Kumimina lita mbili za maji kabla ya damu nako kumeachwa, kwa sababu maji mengi yanapunguza uwezo wa damu kuganda na kumpoza mgonjwa. Haya siyo makosa ya waandishi, ndivyo ilivyofundishwa mwaka 1994.

Karibuni. Tuweke hatua, vipimo na sababu. Nani aliiona wapi akiwa darasa la ngapi, tuache kwa uzi mwingine.

MkungaMkuu #2

Asante mkuu kwa kufungua. Mimi nakwenda moja kwa moja kwenye "Love's Labor Lost", msimu wa 1 episodi ya 19, iliyorushwa tarehe 9 Machi 1995. Aliyeiandika, Lance Gentile, ni daktari wa dharura, na inaonekana. Mimi Leder aliiongoza, na wote wawili walipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo.

Mama mjamzito anakuja kwa Dkt. Mark Greene akilalamika kwenda haja ndogo mara kwa mara. Greene anasema ni maambukizi ya kibofu, anampa dawa, anamruhusu. Mama hata hajafika mbali anarudishwa akiwa katika degedege. Ni kifafa cha mimba.

Mtego wa kitabibu uko hapa. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kawaida sana kwa wajawazito, na yenyewe yanaweza kuleta protini kidogo kwenye mkojo. Mtu akishaamini ni kibofu, protini ile inapata maelezo na haimshtui tena. Kinga ni kutokubali kipimo kimoja kieleze kila kitu. Mjamzito aliyevuka wiki 20 anapimwa presha akiwa amekaa na kutulia. Ikiwa 140/90 au zaidi inarudiwa, na anaulizwa kuhusu kichwa kuuma, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia na kuvimba uso. Maswali manne, dakika mbili.

Degedege inatibiwa kwa magnesiamu salfeti. Tuiandike vizuri maana wengi humu wako vituo vya afya. Kuanzia: gramu 4 kwenye mshipa, yaani mililita 8 za dawa ya asilimia 50 zikichanganywa na mililita 12 za maji safi ya sindano, zipate mililita 20 za asilimia 20, zitolewe taratibu kwa muda usiopungua dakika 5. Papo hapo gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako, kwa sindano ndefu, pamoja na lignokaini mililita 1 ya asilimia 2 kila upande kwa sababu inauma. Kisha gramu 5 kila baada ya saa 4, kwa kubadilisha tako, hadi saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, lolote litakalochelewa. Kabla ya kila dozi hakikisha anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo ni mililita 30 au zaidi kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe mezani tayari, maana ndiyo inayomrudisha mgonjwa magnesiamu ikizidi.

Dawa ya kifafa cha mimba kwa kweli ni kuzaa. Greene anaamua aendelee yeye mwenyewe pale pale dharura, daktari wa uzazi hajafika. Ndipo kichwa kinatoka na mabega yanakwama. Irudieni sehemu hii polepole. Kinachotakiwa ni kuita watu, kumlaza mama chali, kuvuta mapaja yake yabanane na tumbo, na msaidizi kusukuma juu ya kinena kwa upande ili bega la mbele liteleze. Ikishindikana unaingiza mkono kumgeuza mtoto kwa ndani, au unatoa kwanza mkono wa nyuma. Kila hatua isizidi nusu dakika hadi dakika moja. Mambo mawili ni mwiko: kuvuta kichwa kwa nguvu, maana unakata neva za mkono wa mtoto, na kusukuma juu ya tumbo, maana unalibana bega zaidi.

Greene anafika hatua ya mwisho kabisa: anarudisha kichwa ndani na kumpasua mama pale pale. Mtoto anapona. Mama anavuja damu mpaka anafariki. Baba anaonekana nyuma ya kioo akimbembeleza mtoto, Greene anaingia kumwambia, na sisi hatusikii maneno. Hakuna haja ya kuyasikia.

KijanaMD #3

Mkunga, shikamoo. Swali: hivi mwaka 1995 magnesiamu ilikuwa tayari dawa ya kwanza? Vitabu vingi vya zamani vina diazepamu.

MkungaMkuu #4

Marahaba mwanangu. Swali zuri. Marekani waliitumia magnesiamu kwa miongo mingi, lakini Ulaya na sehemu nyingi za Afrika walikuwa wakitegemea diazepamu au fenitoini. Ugomvi ulimalizwa na utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotolewa katika jarida la Lancet mwezi Juni 1995, wanawake 1,687. Magnesiamu ilipunguza degedege kurudi kwa asilimia 52 ikilinganishwa na diazepamu, na asilimia 67 ikilinganishwa na fenitoini. Yaani episodi ilirushwa miezi mitatu kabla. Ukiiangalia leo ukajua hilo, unaelewa kwamba wakati ule hata dawa iliyokuwa mkononi mwa Greene ilikuwa bado inabishaniwa duniani.

KameraBegani #5

Naomba tuingie upande wa ufundi, kwa sababu nusu ya mvuto wa ER uko miguuni mwa mpiga picha.

Tamthilia za hospitali kabla yake zilikuwa za kamera iliyosimama: sura ya daktari, sura ya mgonjwa, sura ya daktari. ER ilitumia Steadicam, kamera inayovaliwa mwilini kwa mkono wenye springi, na mpiga picha anatembea na kitanda. Mgonjwa anaingia kutoka kwenye ambulansi, milango inafunguka, kamera inazunguka kitanda, inamfuata nesi mpaka kwenye kabati, inarudi na mtu mwingine kabisa, yote kwa shoti moja isiyokatwa. Ili hilo liwezekane seti ya Warner Bros. kule Burbank ilijengwa kama jengo zima lenye vyumba vinavyofunguliana, na taa za dari ziwe ndizo zinazomulika picha. Ukileta taa za stendi, kamera ikigeuka zinaonekana. Picha za nje, treni ya juu na upepo wa mto, walizifuata Chicago mara chache kwa mwaka.

Angalieni kitu kimoja. Katika shoti ndefu, wanaopita nyuma hawatembei ovyo. Nesi aliyepita na mfuko wa damu dakika ya kwanza ndiye utakayemwona dakika ya tatu ameutundika. Mwigizaji mmoja akikosea neno katika dakika ya tatu, wote wanaanza upya. Mkazo ule unaouona usoni mwao kwa sehemu ni wa kweli.

Wakazidisha tarehe 25 Septemba 1997 kwa "Ambush", episodi ya kwanza ya msimu wa 4, iliyoigizwa mubashara. Waliicheza mara mbili usiku ule ule, mara moja kwa ajili ya pwani ya mashariki na tena kwa ya magharibi. Hadithi yenyewe ni kundi la wapiga filamu ya matukio halisi waliokuja kurekodi hospitali, kwa hiyo kamera ikitikisika ina sababu. Wanaoiangalia kwenye seti za DVD wasihangaike na mipangilio ya televisheni: episodi za kawaida zilipigwa kwa filamu ya milimita 35 na zinajaza skrini pana, "Ambush" ilipigwa kwa video na ni ya skrini ya mraba. Mistari myeusi pembeni ni sawa, usiivute picha.

ThelathiniKwaMbili #6

Nichangie eneo ambalo ER imewadanganya watu, na nasema haya kwa kuipenda: kukandamiza kifua.

Tarehe 13 Juni 1996 jarida la New England la udaktari lilitoa utafiti wa watu watatu waliokaa wakaangalia episodi 97 za ER, Chicago Hope na Rescue 911. Walihesabu matukio 60 ya kuhuisha moyo, 31 kati yake ndani ya ER. Asilimia 75 ya wagonjwa walionekana hai mara tu baada ya tukio, na asilimia 67 walionekana kufika nyumbani. Hospitali halisi hazifiki hata karibu na hapo. Tena asilimia 65 ya wale wa kwenye televisheni walikuwa watoto na vijana, wakati uhalisia wa moyo kusimama ni wa wazee wenye magonjwa ya moyo. Familia inapokaa na daktari kuamua juu ya baba wa miaka 80, picha iliyo kichwani ndiyo hiyo ya televisheni.

Pili, viwiko. Waigizaji wanakunja viwiko kwa sababu anayelala pale ni mtu hai na moyo wake unadunda, ukimbonyeza sawasawa unamvunja mbavu. Wewe usiige. Mikono inyooke, mabega yawe juu ya mikono, kiganja katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu chote kabla ya kubonyeza tena. Mibonyezo 30, pumzi 2. Katika misimu ya kwanza utawasikia wakihesabu 15 kwa 2, ilikuwa sahihi wakati ule, mwongozo ulibadilishwa mwaka 2005.

Tatu, mashine ya mshtuko. Hapa ER inastahili heshima kuliko tamthilia nyingi. Mstari ukiwa bapa kabisa umeme hausaidii, kwa sababu mshtuko hauanzishi moyo. Mshtuko unausimamisha moyo unaotetemeka ovyo ili urudi kwenye mpigo wake wenyewe. Mahali hakuna mtetemo hakuna cha kusimamisha, hapo ni kubonyeza na adrenalini. Ile "200, 300, 360" maarufu ni jouli, yaani nguvu ya umeme, za mashine za zamani, mishtuko mitatu mfululizo. Nayo iliachwa mwaka 2005: sasa mshtuko mmoja, kisha dakika mbili za kubonyeza bila kusimama kuangalia skrini, kwa sababu kila sekunde ya kuangalia ni sekunde ambayo ubongo haupati damu.

Wanapopasua kifua pale pale dharura mara kwa mara namna ile, hapo waliongeza chumvi. Hatua hiyo ina nafuu kwa aliyechomwa kisu kwenye moyo na kufika haraka. Kwa aliyegongwa na gari moyo ukasimama njiani, ni nadra sana kupona.

MsimuWaKwanza #7

Mimi naona mnaisifia mno. George Clooney, aliyeigiza Dkt. Doug Ross, alipoondoka mwaka 1999, ER iliisha. Baadaye ni helikopta kukata mkono wa Dkt. Romano, tena helikopta nyingine kumwangukia mtu yule yule. Hiyo siyo hospitali tena.

ZamuYaUsiku #8

Kuhusu helikopta nakubaliana nawe kabisa, mkuu. Ya kwanza ilikuwa na maana: daktari mpasuaji hodari kupoteza mkono ni hadithi ya kazi, ya mtu na chombo chake. Ya pili ilimwondoa tu.

Lakini kusema iliisha mwaka 1999, hapana. Februari 2000 ndiyo "Be Still My Heart" na "All in the Family". Dkt. Carter na mwanafunzi wake wa udaktari, Lucy, wanachomwa kisu na mgonjwa aliyekuwa akisubiri daktari wa akili. Tazama jinsi ilivyojengwa: Lucy amehisi tatizo ni la akili, ameomba ushauri, Carter ana wagonjwa wengi na anamhimiza amalize, mgonjwa anahamishwa kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na sherehe ya idara inaendelea, muziki umefunguliwa juu. Hakuna aliyefanya kosa moja kubwa. Yamekusanyika madogo matano. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kuchunguza kifo anajua ndivyo inavyokuwa. Na Lucy anafariki baada ya upasuaji kufanikiwa, kwa damu iliyoganda na kusafiri mpaka mapafuni. Mwandishi mvivu angemuua kwa kisu.

MwanaBoyoma #9

Ndugu zangu, kwa kuwa tuko kwenye uzi wa Kiswahili, hatuwezi kuipita Kongo. Msimu wa 9 unafungwa Mei 2003 kwa episodi inayoitwa "Kisangani", na msimu wa 10 unafunguliwa na mambo ya huko huko. Luka Kovač, daktari kutoka Kroatia aliyepoteza familia yake vitani, anakwenda kufanya kazi ya kujitolea, na Carter anamfuata.

Walichagua mji kwa haki. Kisangani iko kwenye mto, chini ya maporomoko ya Boyoma, pale wavuvi Wagenya wanapotega mitego yao ya mbao. Wenyeji wanazungumza Lingala na Kiswahili. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huo, watu wakiwa majumbani mwao. Ilipofika 2003 hospitali zake zilikuwa zimebaki na majengo na wafanyakazi, siyo dawa.

Jambo moja ambalo msikilizaji wa Kiswahili analipata bure. Wanaomteka Luka wanaitwa Mai-Mai, na tamthilia inalitaja jina bila kulifafanua. Kwa Kiswahili cha Kongo maji ni "mai". Jina linatokana na dawa ya maji iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, imani ile ile ya vita vya Maji Maji upande wa Tanganyika kati ya 1905 na 1907. Mtazamaji wa Chicago alisikia jina la kutisha tu. Sisi tunasikia historia yetu.

Katika "The Lost" Luka yuko mateka, malaria imempanda, wenzake wanauawa mmoja mmoja mbele yake. Anapiga magoti kusali, ana msalaba, watekaji wanamdhania padri, wanamwacha. Kwa hadithi, ni nzito. Kwa tiba tuseme hivi: wakati ule malaria kali ilitibiwa kwa kwinini ya mshipa, miligramu 20 kwa kilo kwa kuanzia, ndani ya maji ya sukari, kwa saa 4, kisha miligramu 10 kwa kilo kila saa 8. Sukari ni ya lazima kwa sababu ugonjwa unashusha sukari ya damu na kwinini nayo inaishusha, mgonjwa anazimika ukidhani ni malaria ya kichwani. Leo ni atesuneti, miligramu 2.4 kwa kilo kwa mtu mzima, mara anapofika, kisha baada ya saa 12 na baada ya saa 24.

Lawama yangu ni moja. Chicago, mgonjwa wa dakika tano anapewa jina, kazi, mke na ugomvi wa nyumbani. Wagonjwa wa Kongo wengi wanapewa jeraha tu. Mtu pekee anayepewa maisha kamili kutoka upande huo ni Kem, mpenzi wa Carter, aliyeigizwa na Thandiwe Newton, naye anahamishwa haraka kwenda Chicago.

NesiWaCTC #10

Naongezea Jeanie Boulet, msaidizi wa daktari katika idara ile, kwa kifupi. Mwaka 1996 tamthilia ilimpa VVU kupitia mume wake, na kila mtu alitarajia afe baada ya episodi kadhaa. Hakufa. Alikunywa dawa, akaendelea na kazi, akagombana na uongozi juu ya taratibu gani za wagonjwa aruhusiwe kufanya. Mwaka huo ndio tiba ya dawa tatu kwa pamoja ilikuwa inaanza kutumika Marekani, na waandishi waliifuata sayansi badala ya huzuni. Alirudi kidogo katika msimu wa 14, mwaka 2008, mzima. Tanzania ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004, kwa hiyo picha ya mtumishi wa afya mwenye VVU anayeendelea kuvaa koti lake kazini ilitangulia miaka minane. Naiheshimu sana ER kwa hilo.

KijanaMD #11

Wakuu, 331 ni nyingi. Nikiwa na wiki moja ya likizo nianzie wapi?

KameraBegani #12

Anza "24 Hours" yote, usiruke. Humo nesi Carol Hathaway analetwa akiwa amekunywa dawa kwa kukusudia. Ilipangwa afe, watazamaji wa majaribio walimpenda, wakambakiza, na ndiye aliyebeba manesi wote wa tamthilia kwa misimu sita. Kisha "Blizzard" ya Desemba 1994: idara tupu, halafu magari yamegongana kwenye theluji na majeruhi wanamiminika. Ni somo la kupanga wagonjwa kwa rangi, nyekundu, njano, kijani na nyeusi, na mahali linapouma ni nyeusi, ya aliyekufa au asiyetarajiwa kupona. "Love's Labor Lost". Msimu wa 2 episodi ya 7, "Hell and High Water", Doug Ross na mtoto aliyenasa kwenye mfereji wa maji ya mvua. Humo kumbuka kanuni ya baridi: mtoto aliyetolewa kwenye maji baridi hatangazwi kufa mpaka apashwe joto, karibu nyuzi 32, ndipo uamue. "Ambush". Zile mbili za Februari 2000. "On the Beach" ya Mei 2002, kifo cha Greene kwa uvimbe wa ubongo. Ya Kisangani na mbili zinazofuata. Malizia na "Old Times" ya msimu wa 15 ambapo Ross na Hathaway wanarudi, na ya mwisho kabisa.

Angalizo: kuna orodha zinazohesabu "24 Hours" kuwa episodi mbili kwa sababu ni ya saa mbili. Ikiwa namba hazilingani kwa moja ndani ya msimu wa 1, sababu ni hiyo. Fuata jina.

ZamuYaUsiku #13

Ya mwisho, "And in the End...", aliongoza Rod Holcomb, aliyeongoza ya kwanza. Walirudisha muziki wa mwanzo wa James Newton Howard uliokuwa umeondolewa. Inafunguka na nesi Lydia akimwamsha daktari aliyelala, kama alivyomwamsha Greene mwaka 1994, safari hii ni Archie Morris. Carter anafungua kituo cha afya chenye jina la Joshua, mtoto wake na Kem aliyezaliwa amekufa, kwa hiyo Kongo imo ndani ya jengo hilo ingawa haitajwi sana. Binti wa Greene, Rachel, amekuja kuangalia kama atasomea udaktari hapo. Ambulansi zinaingia, Carter anamgeukia na kumwita Dkt. Greene, anakuja? Kamera inarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka 15 tunaliona jengo zima.

Mkunga, ndani ya episodi hiyo kuna mama wa mapacha. Tusaidie.

MkungaMkuu #14

Ndiyo. Anajifungua mapacha, mfuko wa uzazi unapinduka, wa ndani unatokea nje, anapelekwa kupasuliwa na anafariki. Waliifunga tamthilia kwa kurudia jeraha la "Love's Labor Lost".

Mfuko unapinduka mara nyingi kondo likivutwa kwa kamba ya kitovu cha mtoto kabla halijabanduka na mfuko haujakaza. Ndiyo maana mkono mmoja unazuia juu ya kinena kila unapovuta kamba hiyo. Ukiona uvimbe mwekundu ukeni na juu ya tumbo huupati mfuko kwa kupapasa, usisubiri. Simamisha oksitosini, weka mishipa miwili, ita msaada. Kondo kama bado limeshika, liache lilivyo, ukilibandua anamwagika damu. Shika mfuko kwa kiganja, usukume kuelekea kitovu cha mama, ukianza na sehemu iliyotoka mwisho, na usitoe mkono mpaka ukaze. Oksitosini inarudi hapo, siyo kabla. Ikichelewa, shingo ya mfuko inabana kama pete na mkono haupiti tena, ndipo inabaki thieta.

Shoti ya kuangalia ni sura ya daktari pale anapopapasa tumbo na asikute kitu.